Tangier si njia ya kupita tu

Mtu wa Afrika Mashariki akipanga safari ya Moroko, mara nyingi huishia Casablanca au Marrakech. Tangier, iliyoko juu kabisa kwenye Mlango-bahari wa Gibraltar, huchukuliwa kuwa kituo cha kuvukia kwenda Hispania. Ni hasara kubwa, hasa kwetu watu wa pwani. Ibn Battuta alizaliwa hapo mwaka 1304, akaondoka 1325 kwenda hija akiwa kijana wa miaka 21. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, na simulizi yake juu ya misikiti ya mbao na ukarimu wa sultani wa Kilwa bado tunaitegemea hadi leo. Kaburi linaloaminiwa kuwa lake limo katika vichochoro vya mji mkongwe, katika jengo dogo ambalo wengi hulipita bila kulitambua. Uliza, utaelekezwa.

Siku mbili zinatosha kuanza kuujua mji huu. Kutoka Casablanca panda treni ya Al Boraq, iliyoanza Novemba 2018. Inafika mwendo wa kilomita 320 kwa saa, na safari nzima ni kama saa mbili na dakika kumi. Tafuta nyumba ya wageni ndani ya mji mkongwe, lakini punguza mizigo: vichochoro vingi ni ngazi tupu na gari halifiki mlangoni.

Asubuhi ya kwanza anzia kwenye uwanja wa Grand Socco. Jina lake rasmi ni tarehe, 9 Aprili 1947, siku Sultani Mohammed V alipohutubia hapo jirani kudai umoja wa nchi yake, wakati Tangier ikiwa bado chini ya usimamizi wa mataifa kadhaa. Kando ya soko utawakuta akina mama kutoka milima ya Rif, kofia pana za ukindu kichwani, kiunoni nguo ya mistari myekundu na myeupe iliyofungwa kama kikoi, wakiuza mnanaa na jibini mbichi iliyolazwa juu ya majani. Usipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Kisha kula bissara, supu nzito ya maharagwe makavu inayomiminiwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa bizari nyembamba, kwa mkate wa moto. Ni chakula cha bei ndogo, na mimi sioni cha kukipita mjini humo.

Jioni nenda Café Hafa, iliyofunguliwa 1921 juu ya jabali. Ukiagiza chai ya mnanaa na anga ikiwa safi, Hispania unaiona ng'ambo.

Siku ya pili kodi teksi hadi rasi ya Spartel, yenye mnara wa taa wa mwaka 1864, kisha Mapango ya Hercules. Tundu la pango linaloelekea baharini lina umbo linalofanana na ramani ya Afrika. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla hujaingia garini.

Ukitaka kuvuka, visa ya Moroko haikuingizi Hispania. Na bandari ni mbili: meli za Tarifa hutoka mjini, za Algeciras hutoka Tanger Med, zaidi ya kilomita 40 mashariki. Soma jina la bandari kwenye tiketi kabla hujaita teksi.