Nuru miguuni: Waendao swala ya Alfajiri nao waonekane barabarani

Msikiti wetu uko kando ya barabara ya Kilwa, kusini ya Mkuranga, mahali ambapo nyumba zimetawanyika pande zote mbili za lami na hakuna hata taa moja ya barabarani. Mwadhini anaponadi Alfajiri, aghalabu kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na nusu kwa kutegemea miezi, giza huwa bado ni totoro. Saa hizo hizo ndizo malori ya saruji yatokayo Mtwara yanapopita yakielekea Dar es Salaam, na waumini nao ndipo wanapotoka majumbani mwao, mmoja mmoja, kuitikia wito.

Mwezi wa Juni, siku yenye ubaridi, nilikuwa juu ya pikipiki nikiwahi kufungua milango ya msikiti, kwani zamu ya juma lile ilikuwa yangu. Taa ilikuwa inawaka na mwendo haukuwa mkubwa. Ghafla, hatua chache mbele yangu, giza likageuka kuwa mtu. Nilipinda usukani, gurudumu likaingia mchangani, nikaanguka ubavu. Aliyekuwa mbele yangu ni mzee wa jamaa yetu asiyekosa safu ya kwanza, amevaa koti zito jeusi juu ya kanzu kwa ajili ya baridi. Alhamdulillahi, hakuguswa. Alinisaidia kuinuka, nikamwamkia na kumwomba radhi, kisha nikamuuliza kwa nini hakusogea pembeni. Alinijibu kwa mshangao wa kweli: "Mwanangu, mimi nilikuona tangu ulipotoka kule bondeni. Nikajua nawe umeniona."

Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko maumivu ya goti. Mzee hakuwa mzembe. Alifikiri kama tufikirivyo sote: gari lenye taa tunaliona kutoka mbali sana, na nafsi inatuambia kwamba anayeonekana naye anaona. Hali sivyo ilivyo. Dereva aliye nyuma ya taa anatazama kipande kifupi cha lami kilichoangazwa, na zaidi ya hapo kwake ni giza tupu. Anapopishana na gari jingine hulazimika kuinamisha taa zake, na papo hapo macho yake yanapigwa na mwanga wa yule anayekuja, kwa hiyo anaona kidogo zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hukata meta 22 kwa kila sekunde. Dereva huhitaji sekunde moja hadi moja na nusu kutambua kilicho mbele yake na kukanyaga breki, nayo ni takriban meta 30 zilizokwisha kupita kabla breki haijaanza kazi. Baada ya hapo gari linahitaji meta nyingine kama hizo au zaidi ili lisimame, hata kwenye lami kavu. Lori lililosheheni saruji huhitaji nyingi zaidi. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, mbele ya taa zilizoinamishwa, aghalabu haonekani mpaka gari limefika chini ya meta 50 kutoka alipo. Kwa maana hiyo, dereva mwenye macho mazima, asiyelewa wala kusinzia, anaweza kumgonga mtu aliyekuwa akimtazama muda wote huo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu 1,190,000 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya mmoja katika kila watano miongoni mwao ni mtembea kwa miguu.

Sisi tuendao misikitini gizani tuna bishara kubwa. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba watu hao wameahidiwa nuru iliyotimia Siku ya Kiyama. Nuru hiyo ni ya Akhera, na hakuna aliyeahidiwa kwamba dereva wa lori ataiona barabarani alfajiri ya leo. Kwa ajili ya dereva huyo inatubidi tujitafutie mwanga wa hapa hapa duniani, na mwanga wenyewe, kama nitakavyoeleza, mahali pake pazuri zaidi ni miguuni.

Sote tumepata kuona macho ya paka au mbuzi yakimulikwa na taa za gari usiku: mnyama mwenyewe haonekani, lakini macho yake yanawaka. Utepe wa kuakisi mwanga, ule wa rangi ya fedha ulioshonwa kwenye vizibao vya madereva wa bodaboda na wajenzi wa barabara, hufanya kazi inayofanana na hiyo. Ndani yake mna chembechembe ndogo mno za kioo ambazo huurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Dereva, ambaye macho yake yako karibu na taa zake, huona mng'ao mkali kutoka meta 100 na zaidi. Aliyesimama kando haoni ila utepe wa kijivu usio na maana. Nadhani hiyo ndiyo sababu wengi wetu huudharau tunapouona dukani mchana.

Kwa nini miguuni, na si kifuani? Sababu ya kwanza ni kwamba taa za gari zilizoinamishwa huangaza chini, hivyo mwanga hufika kwenye viatu vya mtu kabla haujapanda mwilini mwake. Ya pili ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1973 mtaalamu wa saikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alieleza majaribio aliyofanya kwa kumvalisha mtu nukta za mwanga kwenye viungo vyake, gizani. Mtu huyo aliposimama tuli, watazamaji waliona nukta zisizo na umbo. Alipopiga hatua, mara moja walitambua kwamba huyo ni binadamu anatembea. Kitu king'aacho kilichotulia dereva anaweza kukidhania kuwa ni nguzo au kopo lililotupwa. Viwili vinavyopishana kwa kupanda na kushuka, mbele na nyuma, havifanani na chochote isipokuwa miguu ya mtu. Katika nchi za Finland na Estonia, ambako giza la majira ya baridi huwa refu, sheria inamtaka mtembea kwa miguu avae kiakisi mwanga usiku.

Nilipoliwasilisha jambo hili katika kamati ya msikiti, halikupita kirahisi. Mjumbe mmoja aliuliza kama huku si kupungukiwa na tawakkul, maana masahaba walikwenda gizani bila kujibandika tepe. Mjumbe mwingine, kwa busara zaidi, alisema hilo linajibiwa na kisa cha bedui aliyeagizwa amfunge ngamia wake kwanza kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, na akaongeza kwamba katika njia za Madina ya wakati ule hapakuwa na lori. Mimi nilikumbusha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani kumehesabiwa katika matawi ya imani. Yaliyotuchelewesha hasa yalikuwa mambo ya fedha: je, sadaka zilizokusanywa kwa ajili ya jengo zaweza kununua tepe za viatu? Tulitumia vikao viwili kwa suala hilo, na kwa maoni yangu kimoja kilitosha. Mwishowe akina mama wa darsa la Jumamosi walisikia mjadala wetu, wakachanga wenyewe, na kiasi kilichohitajika hakikufikia bei ya kipaza sauti kimoja.

Tulinunua vizibao vya kuakisi mwanga tukavifumua. Tulijaribu pia utepe mgumu unaobandikwa kwenye malori, lakini ule hukatika unapokunjwa na huachia kwenye ngozi ya kiatu. Wa kitambaa hushonwa ukatulia. Ukipasuliwa katikati kwa urefu, utepe wa kizibao kimoja ulitutosha jozi 16. Fundi viatu wa jirani alitushonea.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kushona kipande kisiginoni peke yake, kama vile viatu vya michezo vinavyotoka kiwandani. Nchini mwetu magari hupita kushoto, na tunawafundisha watoto watembee upande wa kulia ili wakabiliane na magari yanayokuja upande wao. Mtu atembeaye hivyo anaangaliana na lile gari la hatari zaidi, na kipande cha kisiginoni humwonyesha kwa gari la upande wa pili tu. Kwa hiyo kiatu chataka utepe mbele, nyuma na ubavuni, au mtu avae mkanda uzungukao kifundo cha mguu.

Mkanda huo ni mzuri kwa wanaume, maana kanzu isiyovuka kifundo huuacha wazi. Ila unapotawadha usisahau kuuvua au kuupandisha, kwa sababu miguu huoshwa pamoja na vifundo vyake na maji hayapiti chini ya mkanda uliobana. Kwa wanawake hali ni tofauti. Baibui jeusi ndilo vazi gumu kuliko yote kuonekana usiku, na pindo lake hufunika kifundo na sehemu kubwa ya kiatu. Dada zetu waliamua kushona utepe mwembamba kwenye pindo lenyewe, kwa ndani kidogo juu na wazi chini, upana wa kidole kimoja. Mchana hauvutii macho ya mtu, na usiku huyumba kwa kila hatua, jambo ambalo ndilo hasa linalotakiwa. Wenye kandambili hawana pa kushonea. Hao tumewapa mikanda.

Watoto ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Huja madrasa baada ya Magharibi na kurejea baada ya Isha, makundi kwa makundi, wakikimbizana. Wazazi wengi huwanunulia sikukuu vile viatu vyenye vitaa vinavyomulika kila wanapokanyaga, wakidhani vinatosha. Vitaa hivyo ni vidogo na betri yake ikiisha kwa kawaida ndiyo mwisho wake, ilhali utepe hauhitaji betri. Ushonwe kwenye viatu na pia kwenye mkoba wa juzuu. Na vijana wetu wanaotembea wakisikiliza mawaidha kwa vipokea sauti masikioni, mawaidha hayo yasubiri mpaka wafike.

Utepe hufifia kwa vumbi, matope na kufuliwa mara nyingi. Namna ya kuupima nyumbani ni hii: zima taa, weka viatu hatua kumi mbele yako, kisha shika tochi kando ya jicho lako na uvimulike. Tochi ikishikwa kiunoni jaribio halifai, kwa kuwa mwanga hurudi kwenye tochi na si machoni. Usipoona mng'ao mweupe, futa utepe kwa kitambaa chenye maji. Ukiendelea kuwa wa kijivu, ubadilishwe. Ikumbukwe pia kwamba utepe hauna mwanga wa kwake. Mbele ya pikipiki isiyo na taa hauna kazi yoyote, na wenye pikipiki za namna hiyo nimewataja mara tatu katika matangazo ya Ijumaa.

Faida moja hatukuitarajia. Tangu viatu viwe na tepe, zimepungua zile lawama za baada ya Isha kwamba fulani ameondoka na kiatu cha fulani, kwani kila mtu sasa anajua utepe wake ulivyokatwa.

Na yule mzee wangu wa mwezi Juni? Alikataa kushonewa viatu, akisema viatu vyake havidumu na mikanda itamsahaulisha udhu. Aliileta fimbo yake. Fundi aliizungushia utepe mara mbili karibu na ncha ya chini, na sasa ninapotoka bondeni alfajiri huiona kwanza fimbo, ikipanda na kushuka, kabla sijamwona yeye.