Usiingizwe mkenge na picha ya mzinga wa Mjerumani

VIJIWE vya Tunduma havikosi wajuaji. Mwonyeshe mmoja wao picha kuukuu ya mzinga wenye magurudumu, askari wamejipanga mbele yake, atakujibu papo hapo: "Huo wa Mjerumani, waliuacha hapa hapa mpakani 1918." Kaka na dada, msikubali haraka. Picha inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini maneno yaliyoandikwa chini yake yakawa changa la macho.

Na hapa sizungumzii mzinga wa kuombwa hela ya soda. Nazungumzia silaha ya ajabu iliyoonekana katika vita vya 1914 hadi 1918: mtutu mrefu kama mlingoti, umekalishwa juu ya magurudumu ambayo unaona kabisa si yake. Kweli si yake. Huo ni mzinga wa meli.

Stori yake ni hii. Julai 11, 1915 Waingereza waliimaliza meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, kwenye delta ya Rufiji. Wajerumani hawakukaa kulia. Waliopoa mizinga yote 10, wakaipeleka Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaanza kuitengenezea magurudumu. Basi kitu kilichozoea bahari kikaanza kupanda milima ya bara.

Sasa kasheshe linaanzia hapa. Waingereza nao walifanya mchezo ule ule! Meli yao, Pegasus, ilizamishwa na hiyo hiyo Königsberg huko Zanzibar Septemba 20, 1914. Mizinga yake ikaopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapelekwa vitani. Tundu la mtutu wa Mjerumani ni sentimita 10.5, la Mwingereza kama 10.2. Kwenye picha iliyofifia, nani ataona tofauti hiyo?

Kwa hiyo fanya mambo matatu. Kwanza, pima kwa mtu aliyesimama karibu. Mtutu ukizidi urefu wa watu wawili, huo ni wa meli. Ukiwa mfupi, tafuta jina lingine.

Pili, tazama nyuma ya mtutu. Wajerumani wakizidiwa walikuwa wanaulipua mzinga wao kabla ya kuukimbia. Ukiona umepasuka na askari wa Mwingereza wanatabasamu juu yake, hiyo ni mateka. Ukiwa mzima, chunguza sare za wanaouhudumia.

Tatu, na hapa ndipo wajuaji wanapoumbuka, uliza mwaka. Von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917 bila mzinga hata mmoja wa Königsberg. Yote ilikuwa imeharibiwa au kutekwa. Aliporudi mwaka uliofuata alipita Njombe na Mbozi, akafika Fife, ng'ambo ya Tunduma yetu, mwanzoni mwa Novemba 1918. Alikuwa na mzinga mmoja tu, tena wa Mreno, aliouteka huko huko Msumbiji! Ndio alioukabidhi Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, pamoja na bunduki za rashasha 37, nyingi zikiwa za Kiingereza.

Umeona? Mzinga mrefu wa "Mjerumani, Tunduma 1918" ama si wa Mjerumani, ama si wa Tunduma, ama si wa 1918.

Utasema, vyuma vya zamani vinatuhusu nini? Mizinga ile haikujivuta yenyewe. Ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu, porini, kwenye tope. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, pande zote mbili, wengi kwa njaa na maradhi. Jina Kariakoo pale Dar limetokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Ukiukosea mzinga, unamhamisha babu wa mtu kutoka jeshi moja kwenda jingine.

Kwa hiyo ukikuta picha ya namna hiyo kwenye sanduku la bibi, usikimbilie kuiuza. Muulize bibi ilipigwa wapi na lini, uandike nyuma kwa penseli. Halafu mwonyeshe wale wa pembeni, wasio na viatu, walioshika kamba. Jina la mzinga linaweza kusubiri. Anza na majina yao.