Kitabu cha kufundisha kuchora: Kwa nini mwanzo wake huwa mwendo wa kobe?

Ukiwa Arusha mjini, Mlima Meru unaonekana kama pembetatu iliyochongoka. Nenda Momela, upande wa mashariki, halafu uutazame tena. Pembetatu hakuna. Ubavu mmoja wa mlima umebomoka, na ndani yake, mbele ya ukuta mrefu wa mwamba, kimekaa kilima cha majivu ya volkano. Mlima ni uleule, ila michoro ni miwili tofauti kabisa.

Sasa chukua mfano wa mchoraji wa Momela anayetaka kutoa kitabu cha kufundisha watu kuchora. Aweke Meru ipi? Akiweka ile ya mjini, mtoto anayesoma Momela atainua macho, ataangalia nje na kuona kitu kingine. Maswali ya namna hii ndiyo yanayokula miezi ya mwanzo, wakati hakuna hata ukurasa mmoja uliokamilika.

Kwanza: kitabu ni cha nani?

Hili linaonekana jepesi, lakini ndilo linaloamua kila kitu. Mwaka 1937 Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, Uganda, alichapisha kitabu cha Kiingereza kuhusu sanaa na ufundi wa Kiafrika shuleni. Msomaji wake alikuwa mwalimu. Kitabu cha mtoto anayejifunza peke yake, tena kwa Kiswahili, ni kazi nyingine. Hapo hakuna wa kumfafanulia. Penseli moja na karatasi ya daftari lazima zitoshe.

Pili: mkono unajua, mdomo haujui

Mchoraji mzoefu anachora twiga bila kufikiri. Mwambie aeleze alivyofanya, anakwama. Alianza na shingo au kiwiliwili? Alijuaje mgongo uteremke kiasi gani kuelekea mkiani? Inabidi achore taratibu, asimame kila hatua na kuandika alichofanya.

Na mara nyingi anagundua kuwa hata yeye alikuwa anakosea. Twiga akitembea, miguu ya mbele na ya nyuma ya upande mmoja huenda karibu pamoja, kama ngamia. Picha nyingi zinampa mwendo wa farasi. Ukiliweka kosa hilo kwenye kitabu, unawafundisha wengine kukosea. Kwa hiyo ni kurudi porini, kukaa na kutazama.

Rangi nazo ni hivyohivyo. Maziwa ya Momela hupata maji yake kutoka chini ya ardhi, madini na mwani hutofautiana, na rangi hutofautiana pia. Somo linaloanza na "paka maji bluu" limeshapotea njia.

Tatu: hesabu ya kurasa

Chukua karatasi 8 za A4, zipange pamoja na uzikunje katikati. Umepata kitabu cha mfano cha kurasa 32. Namba hiyo inawafaa wachapaji, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo mara nyingi hukunjwa ikatoa kurasa 16.

Toa kurasa 5 za mwanzo (jina, hakimiliki, yaliyomo, utangulizi) na ukurasa 1 wa mwisho. Zimebaki 26, yaani masomo 13 tu ya kurasa mbili zinazotazamana. Uliyekuwa na mawazo ya wanyama 40, hapo unaanza kukata.

Kisha kila somo lina hatua. Zikiwa 6, hiyo ni michoro 78. Huwezi kuchora twiga mmoja ukamaliza, kwa sababu hatua ya kwanza hufunikwa na ya pili. Kila hatua inachorwa upya kwenye karatasi yake. Wengi hubandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana ili kunakili mistari ya hatua iliyotangulia.

Nne: jaribu, halafu nyamaza

Mpe ukurasa mmoja mtu asiyejua kuchora. Kaa pembeni, usiseme kitu. Akisimama kwenye hatua ya tatu na kukuuliza, weka alama hapo. Jibu ulilotaka kumpa lilitakiwa liwe kwenye kitabu. Kosa ni la ukurasa, siyo la huyo mtu. Rudi nyumbani uchore tena.

Haraka ya nini?

Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Mtindo wake haukufa kwa sababu vijana, wengi wao ndugu zake, walikuwa wamekaa karibu naye wakimtazama akipaka rangi kwenye vibao. Leo uchoraji unaobeba jina lake unauzwa mpaka maduka ya Arusha.

Lakini siyo kila mtoto ana fundi wa kukaa pembeni yake. Kwake yeye, kitabu ndicho fundi, na fundi huyo hawezi kujibu swali ambalo mwandishi hakulifikiria. Ndiyo maana mwanzo ni wa taratibu. Ukiwa na ndoto ya kitabu kama hicho, usianze na kurasa 32. Anza na somo moja, mtu mmoja wa kumjaribia, na Meru ile inayoonekana kutoka mlangoni kwako.