Kwa Nini Namchukia Niliyemkosea?

Somo letu ni Injili ya Yohana, sura ya 4, lakini kabla ya kulifungua nina jambo la kuungama.

Nilipokuwa shemasi kijana, nilimshtaki mweka hazina wetu mbele ya halmashauri ya parishi, mzee wa umri wa baba yangu, kwamba sadaka ya mavuno imepungua mikononi mwake. Hakujibu neno. Kesho yake nikaziona fedha zile katika bahasha, ndani ya kitabu changu mwenyewe cha ibada. Ilinipasa kumwendea saa ile ile. Badala yake nilizirudisha sandukuni kimya kimya, nikawaambia watu kwamba hesabu imepatikana.

Sasa oneni ajabu ya moyo. Mngedhani nilimwonea huruma. La! Nilianza kumchukia. Sauti yake katika kuimba zaburi iliniudhi. Hata kikohozi chake kiliniudhi. Nikajiambia kwamba ni mtu wa kiburi, na kwamba kama si leo basi siku moja angeiba.

Aliyekosewa akikasirika twaelewa. Lakini mkosaji naye, mbona achukie? Mwaka 1957 mtaalamu wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba mtu hana raha akiwa na mawazo mawili yanayogombana. "Mimi ni mtu mwema," na tena, "Nimemwonea mwenzangu." Kukiri ni kuchungu, basi moyo hutafuta njia ya mkato na kusema, "Alistahili."

Mwaka 1960 wataalamu wawili, Keith Davis na Edward Jones, waliwapa wanafunzi kazi ya kumwambia mtu maneno ya kumshusha, maneno ambayo hayakuwa yao. Waliokubali kwa hiari, tena bila kutazamia kukutana naye baadaye wamweleze ukweli, ndio waliozidi kumwona mtu duni. Waliojua kwamba watapata nafasi ya kuyafuta hawakuhitaji sana kumdharau. Mimi hilo lanigusa mno, kwa maana nafasi nilikuwa nayo kila Jumapili.

Basi aliyekosewa afanye nini na mtu kama mimi? Wengi husema, mpelekee zawadi. Mimi nina mashaka na zawadi. Mara nyingine humwongezea mkosaji deni, naye akachukia zaidi.

Katika Pennsylvania, zamani za ukoloni wa Waingereza, Benjamin Franklin alichaguliwa karani wa Baraza mwaka 1736. Mwaka uliofuata mjumbe mmoja mpya alitoa hotuba ndefu ya kumpinga. Franklin hakumbembeleza. Alisikia kwamba bwana yule ana kitabu ambacho ni adimu sana, akamwandikia barua kuomba amwazime kwa siku chache. Kikaletwa mara moja. Baada ya juma moja hivi akakirudisha kwa shukrani. Walipokutana tena barazani, mtu yule, ambaye hakuwahi kusema naye, alimsemesha kwa adabu, wakawa marafiki mpaka kufa kwake.

Mwaka 1969 Jon Jecker na David Landy walilipima jambo hili. Watu walishinda fedha katika mashindano. Kisha msimamizi mwenyewe akawaomba baadhi yao wamrudishie, akisema anatumia fedha zake na zinakwisha. Hao walimpenda kuliko wale walioachiwa fedha zao zote! Moyo uliotenda wema hujitafutia sababu, kama vile moyo uliotenda ubaya.

Sasa fungueni Yohana 4. Wayahudi na Wasamaria walikuwa na uadui wa siku nyingi. Bwana wetu ameketi kisimani, amechoka. Angeweza kuanza kwa kutoa. Alianza kwa kuomba maji.

Simwambii mama anayepigwa nyumbani aende kuazima chumvi kwa anayempiga. Huyo kwanza apate mahali pa usalama. Nasema juu ya majirani, ndugu waliogombania mpaka wa shamba, wazee wa kanisa wasiosalimiana.

Jioni moja mzee yule alipiga hodi kwangu. "Mchungaji, niazime pampu ya baiskeli." Jirani yake alikuwa nayo; nilijua. Niliingia ndani kuichukua, na nilipotoka nayo sikuweza kumtazama usoni. Nikamwambia habari yote ya bahasha.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini ulinishtaki mbele ya halmashauri. Nao pia waambie."

Jumapili hiyo baada ya ibada nikawaambia, nikitetemeka. Pampu aliirudisha Jumatatu.