Embakasi Haikuwa Ngome ya Mtu

Kila uchaguzi mkuu wa Kenya unapokaribia, swali moja hurudi redioni, mitaani na hata kwenye meza za wachambuzi wanaotarajiwa kujua zaidi: Embakasi ni ngome ya nani? Swali hilo lina kasoro mbili, na kuendelea kulijibu bila kuzitaja ni kuendeleza upotoshaji. Kasoro ya kwanza ni kwamba eneo bunge la Embakasi halipo tena, kwani wapiga kura wake walimchagua mbunge mmoja kwa mara ya mwisho Juni 2008, na tangu uchaguzi wa Machi 4, 2013 jina hilo limebebwa na maeneo bunge matano yanayojitegemea, yaani Embakasi Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Kasoro ya pili, ambayo ndiyo nzito, ni imani kwamba eneo hilo lilipokuwapo lilikuwa na moyo mmoja wa kisiasa, na kwamba anayeujua moyo huo anaweza kutabiri kura za leo.

Katika elimu ya uchaguzi, ngome ni eneo ambalo chama kimoja hushinda mfululizo na kwa pengo kubwa, hata kinapobadilisha mgombea. Embakasi ikipimwa kwa kipimo hicho, dai la ngome halisimami. Mwaka 2002 David Mwenje alishinda kwa tiketi ya NARC, lakini NARC ulikuwa muungano wa vyama vilivyokutana ili kuiondoa KANU madarakani, na baada ya kura ya maamuzi kuhusu rasimu ya Katiba ya Novemba 2005 viongozi wake waligawanyika, wengine wakaishia ODM na wengine PNU. Ushindi huo hauwezi basi kuhesabiwa kuwa mali ya upande wowote kati ya pande mbili zilizopambana baadaye. Katika uchaguzi wa Desemba 27, 2007, kiti kilichukuliwa na Mugabe Were wa ODM, ambaye aliuawa kwa kupigwa risasi nje ya nyumba yake jijini Nairobi Januari 29, 2008, mwezi mmoja tu baada ya kuchaguliwa. Uchaguzi mdogo wa Juni 11, 2008 ulimpa kiti Ferdinand Waititu wa PNU, aliyemshinda Esther Passaris wa ODM. Eneo lililokwenda kwa pande mbili hasimu ndani ya miezi sita lilikuwa uwanja wa ushindani, na ushindani ni kinyume kabisa cha ngome.

Watetezi wa dhana ya ngome hujibu kwamba matokeo ya 2008 yanaonyesha wananchi waligeuka, au kwamba yale ya 2007 yalikuwa ajali. Majibu yote mawili yanalinganisha vitu visivyolingana. Mbunge nchini Kenya huchaguliwa kwa wingi wa kawaida, yaani mshindi ni yule aliyempita kila mpinzani mmoja mmoja, hata kama wapinzani wote wakijumlishwa wanamzidi. Kwa hiyo idadi ya wagombea na jinsi wanavyogawana kura huweza kubadilisha mshindi bila mpiga kura hata mmoja kubadili msimamo. Uchaguzi mkuu, tena, humleta kituoni mtu aliyekuja hasa kumpigia kura rais, ilhali uchaguzi mdogo humleta yule tu anayejali kiti husika. Ule wa 2008 ulifanyika baada ya ghasia za baada ya uchaguzi zilizowahamisha watu makwao katika sehemu nyingi za nchi, na wagombea wake hawakuwa walewale wote wa Desemba. Anayechukua matokeo hayo mawili, akatoa moja katika jingine na kuita tofauti hiyo mabadiliko ya mioyo, hajafanya uchambuzi wowote.

Kuna pia tiba ya uongo inayouzwa sana katika misimu ya kampeni, nayo ni hesabu ya makabila. Muuzaji wake huchukua idadi ya watu wa jamii fulani wanaodhaniwa kuishi Embakasi, akakipa chama fulani jumla yake, kisha akatangaza mshindi kabla ya sanduku la kwanza kufunguliwa. Hesabu hiyo husahau kwamba sensa humhesabu mtoto mchanga pamoja na mzee, ilhali sajili ya wapiga kura huwa na watu wazima waliojiandikisha peke yao, na kwamba mkazi wa mtaa si lazima awe mpiga kura wa mtaa huo. Pipeline, mtaa wa Embakasi Kusini wenye majumba ya kupangisha yaliyosongamana ghorofa juu ya ghorofa, nguo zikianikwa kwenye kila roshani na mitungi ya maji ikipandishwa ngazi kila siku, unalionyesha jambo hili waziwazi. Mpangaji wa hapo anaweza kuwa bado ameandikishwa kijijini kwao, na mwenzake anayepata chumba cha bei nafuu Utawala huhamia Embakasi Mashariki, huku kura yake ikibaki Kusini mpaka atakapoomba kuihamisha. Katika mitaa ya wapangaji, kudai kwamba kabila la mkazi linatosha kutaja kura yake ni kukosea mara tatu: kuhusu nani anaishi pale, nani ameandikishwa pale, na nani atajitokeza siku yenyewe.

Wengine, wakidhani wamepata njia ya kisayansi, hujumlisha kura za maeneo bunge matano ya leo na kuziita kura za Embakasi. Jumla hiyo si sahihi hata kijiografia, kwa sababu Njiru na Ruai, zilizokuwa ndani ya Embakasi ya zamani, leo ni wadi za eneo bunge jirani la Kasarani, ilhali Kariobangi Kaskazini, iliyotoka Kasarani, sasa ni wadi ya Embakasi Kaskazini pamoja na wadi nne za Dandora. Matokeo ya vipande hivyo vitano nayo hayaonyeshi moyo mmoja. Mwaka 2013 TNA ilipata viti vya Kaskazini, Kati na Magharibi, na ODM ikapata Kusini na Mashariki. Mwaka 2022 viti hivyohivyo vitano viligawanywa kati ya vyama vinne: UDA ilishinda Kaskazini na Kati, Jubilee Magharibi, Wiper Kusini na ODM Mashariki. Mark Mwenje, mwana wa David Mwenje yule wa 2002, ndiye aliyeshinda Magharibi mwaka huo, na wapo wanaolitaja jambo hilo kama uthibitisho kwamba Embakasi ya kale ingali hai. Lakini Magharibi ni Umoja, Mowlem na Kariobangi Kusini tu, na alishinda kwa tiketi ya chama kingine, mbele ya wapiga kura wa sehemu ndogo tu ya eneo alilowakilisha baba yake.

Kinachostahili kukumbukwa kuhusu Embakasi ni uzito wa kura, na ndicho kinachozungumzwa kwa nadra. Katika sensa ya 2009 eneo bunge hilo lilikuwa na wakazi 925,775 na mbunge mmoja, wakati kaunti nzima ya Lamu ilikuwa na wakazi 101,539 na wabunge wawili. Katiba ya 2010 iliongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290 na kuweka kigezo cha idadi ya watu, yaani wakazi wote wa nchi wakigawanywa kwa idadi ya maeneo bunge. Kwa sensa hiyo iliyohesabu watu 38,610,097, kigezo kilikuwa takriban 133,138, na katika majiji eneo bunge liliruhusiwa kukizidi au kukipungukia kwa asilimia 40. Wakazi wa Embakasi wakigawanywa kwa 5 hupatikana karibu 185,000, idadi iliyo chini kidogo tu ya kikomo cha juu cha takriban 186,400. Kwa kigezo chenyewe walistahili viti karibu saba. Nairobi yote, yenye wakazi 3,138,369, ingestahili viti karibu 24, ikapata 17, kwa sababu Katiba iliagiza kwamba ukaguzi wa kwanza wa mipaka usipoteze eneo bunge lolote lililokuwapo, na hivyo maeneo madogo yakalindwa. Kwa hiyo wanaosema Embakasi ilikatwakatwa ili kuupendelea mji wanaigeuza hesabu kichwa chini miguu juu.

Anayetaka kulisoma eneo hili kwa usahihi ana njia chache zilizo wazi. Alinganishe matokeo kwa wadi, na kwanza ahakikishe kwamba mipaka ya wadi hiyo haikubadilika. Asome fomu 35A, inayoandika matokeo ya ubunge katika kituo kimoja cha kupigia kura, kabla ya fomu 35B inayojumlisha eneo bunge zima. Aweke uchaguzi mdogo kando na uchaguzi mkuu. Atumie sajili ya wapiga kura mahali pa sensa anapopima kujitokeza, na sensa mahali pa sajili anapopima usawa wa uwakilishi. Mwishowe, ataje Embakasi ipi.

Katiba inaagiza mipaka ikaguliwe kila baada ya miaka isiyopungua minane wala kuzidi kumi na miwili, na miaka hiyo kumi na miwili ilitimia Machi 2024 bila ukaguzi kufanyika. Mkazi wa Kayole au Pipeline anayetaka kujua thamani ya kura yake aache kuuliza ngome ni ya nani, na aidai Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ukaguzi huo ambao ni haki yake.