Karatasi Iliyobandikwa Mlangoni

Nchini Msumbiji kuna karatasi inayoitwa edital. Usiku wa uchaguzi, kura zikishahesabiwa, wasimamizi wa kituo huandika humo matokeo yao na kuitia saini. Mawakala wa vyama hupewa nakala, na nyingine hubandikwa mlangoni ili kila apitaye aisome. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo zaidi: ni nduguye Fomu 34A. Vyama vya Msumbiji vimegombana karibu kila baada ya uchaguzi tangu vita vilipokwisha mwaka 1992, na ugomvi huo ukiupekua hadi chini utaikuta karatasi hii.

Kutoka mlangoni, namba husafiri. Huenda wilayani kujumlishwa, kisha mkoani, kisha Maputo kwa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, CNE, na mwishowe Baraza la Katiba ndilo huthibitisha. Kituoni macho ni mengi. Wilayani hupungua, na huko ndiko namba hupata tabia ya kugeuka. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024, waangalizi wa Umoja wa Ulaya walisema bila kumung'unya maneno kwamba matokeo yalibadilishwa pasipo sababu katika ngazi ya kituo na ya wilaya.

Tuhuma za namna hiyo zipo pia katika nchi ambazo hazijawahi kupigana. Kinachoipambanua Msumbiji ni dawa inayotumika. Ugomvi unapozidi, wakubwa hukaa mezani na kugawana viti, na karatasi ya mlangoni hubaki nyuma.

Turudi kidogo kwenye vita, maana bila vyenyewe hatutaelewa kwa nini viti vilionekana kuwa dawa. Vilidumu miaka 16 na inakadiriwa viliondoa roho za watu milioni moja, wengi kwa njaa na maradhi. Upande mmoja ilikuwapo Frelimo, iliyoundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, ikafunza wapiganaji wake Nachingwea, ikashika dola tangu uhuru wa 1975. Upande wa pili ilikuwapo Renamo, iliyoasisiwa kwa mkono wa majasusi wa Rhodesia na baadaye kulelewa na jeshi la Makaburu wa Afrika Kusini. Kwa mkongwe wa Frelimo, Renamo ni majambazi waliotumwa. Kwa mfuasi wa Renamo wa Sofala au Zambézia, Frelimo ni wale waliowavua machifu heshima yao, wakawasukuma wakulima kwenye vijiji vya pamoja, na wasiombe kura ya mtu mpaka vita vilipowabana. Ukiwasikiliza wote wawili utaona hakuna aliyesema uongo mtupu. Ila mtu anayeamini kwamba mwenzake hakustahili hata kuwapo kwenye karatasi ya kura, utamwambiaje kwamba ameshindwa naye kihalali?

Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992 kati ya Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama wa Renamo, kwa usuluhishi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Wino haujakauka, habari mbaya zikaingia kutoka Angola. Kule walikuwa wamepiga kura mwishoni mwa Septemba, majeshi ya pande mbili yakiwa bado yana silaha. José Eduardo dos Santos alipata asilimia 49.57 na Jonas Savimbi asilimia 40.07. Savimbi alikataa, duru ya pili haikufanyika, vita vikarudi, na havikukoma hadi yeye mwenyewe alipouawa mwaka 2002.

Umoja wa Mataifa ulizinduka. Uchaguzi wa Msumbiji uliahirishwa hadi Oktoba 1994 ili wapiganaji waweke kwanza silaha chini, na fedha za wafadhili zikamiminwa ili kundi la porini ligeuke chama chenye ofisi na magari. Wapo waliokereka kuona waliochoma zahanati wakinunuliwa samani. Mimi huziona kuwa miongoni mwa fedha za misaada zilizotumika vizuri kuliko zote, maana aliyepata dawati ana kitu cha kupoteza akirudi msituni.

Hata hivyo ilikuwa nusura. Siku ya kwanza ya kupiga kura Dhlakama alikuwa amesusa. Mabalozi na marais wa nchi jirani walimbembeleza, akarejea, na upigaji kura ukaongezwa siku ya tatu. Chissano alipata asilimia 53.3, yeye 33.7, bungeni Frelimo viti 129, Renamo 112. Aliyeshindwa alinung'unika, akaingia bungeni.

Kidonda kikubwa kilifunguka mwaka 1999. Chissano alitangazwa kwa asilimia 52.3 dhidi ya 47.7, na mamia ya edital hayakuingizwa katika hesabu kwa maelezo kwamba yana kasoro. Renamo ilidai mengi yametoka kwenye ngome zake. Mahakama ya Juu ikatupa malalamiko. Novemba 2000 maandamano yaligeuka umwagaji damu. Huko Montepuez, mkoani Cabo Delgado, waliuawa raia na polisi pia, kisha makumi ya mahabusu wakafa kwa kukosa hewa ndani ya chumba walimosongamanishwa.

Kuna jambo lililoikoleza hasira hiyo, nalo halihusu hesabu. Dhlakama alikuwa ameongoza katika mikoa sita kati ya 11, lakini wakuu wa mikoa yote waliteuliwa na rais, na rais akateua watu wake. Mtu wa Beira alipiga kura, mgombea wake akashinda pale kwao, na kesho yake akatawaliwa na chama alichokikataa. Mshindi alichukua vyote, hadi jamvi la kukalia. Katika nchi iliyotulia, aliyeshindwa husubiri miaka mitano. Katika nchi iliyotoka vitani, aliyeshindwa anazo bunduki alizozihifadhi kwa ajili ya siku kama hiyo, na kura chache zenye mashaka hupata uzito ambao penginepo zisingekuwa nao.

Oktoba 2012 Dhlakama alirudi kwenye milima ya Gorongosa. Mwaka uliofuata jeshi lilimfurusha kambini kwake Satunjira, na magari ya barabara kuu katikati ya nchi yakawa yakisindikizwa na askari. Ndipo ikaja dawa ya 2014: sheria ya uchaguzi ikafumuliwa. CNE ikawa na wajumbe 17, watano wa Frelimo, wanne wa Renamo, mmoja wa chama cha MDM na saba wa asasi za kiraia. Vyama vyenye wabunge vikapata naibu wakurugenzi katika sekretarieti inayoendesha uchaguzi, na hata meza ya kituo, yenye watumishi saba, ikatengewa nafasi tatu za vyama hivyo.

Waswahili wamesema mwamba ngoma huvutia kwake. Mantiki ya dawa hii ilikuwa kwamba wakiwamba wawili, kila mmoja akivuta upande wake, ngozi itakaza sawasawa. Si mantiki ya kijinga. Mahali ambapo hakuna jaji wala padri ambaye pande zote mbili zingemwamini, shaka ya huyu juu ya yule inaweza kufanya kazi ya uaminifu. Lakini inadai mambo mawili: wavutaji wawe na nguvu sawa, na wawe ndio pekee wenye haja na ngoma. La kwanza lilishindikana mapema. Frelimo na wanaoiunga mkono walikuwa wengi tumeni, na tume iliposhindwa kukubaliana juu ya matokeo, wajumbe walinyoosha mikono. Kwa hiyo walipiga kura kuhusu kura.

La pili lilichelewa kuonekana. Dhlakama alifariki Mei 2018 akiwa Gorongosa. Mrithi wake, Ossufo Momade, alitia saini mkataba mwingine na Rais Filipe Nyusi tarehe 6 Agosti 2019. Safari hii wakuu wa mikoa wangetokana na kura. Lile jamvi lingerudishwa. Miezi miwili baadaye Frelimo ilitangazwa mshindi katika mikoa yote kumi iliyokuwa ikigombewa. Katika mkoa wa Gaza, ngome ya Frelimo, daftari la wapigakura lilikuwa na majina zaidi ya 300,000 kupita idadi ya watu wazima waliohesabiwa kwenye sensa. Kiongozi wa waangalizi wa ndani katika mkoa huohuo, Anastácio Matavel, alipigwa risasi siku chache kabla ya uchaguzi, na miongoni mwa wauaji wakabainika kuwamo polisi.

Renamo haikurudi msituni. Wapiganaji wake 5,221 walirudishwa uraiani, kambi ya mwisho, Vunduzi, ikafungwa Juni 2023. Hilo ni jambo la kujivunia. Miezi minne baadaye, katika uchaguzi wa manispaa, CNE iliipa Frelimo miji 64 kati ya 65. Majaji kadhaa wa wilaya walikubaliana na malalamiko na kufuta matokeo au kuamuru kura zihesabiwe upya. Baraza la Katiba likawaambia hiyo si kazi yao, kisha lenyewe likarudisha miji minne kwa Renamo na kuamuru marudio sehemu chache.

Katika jiji la Maputo mgombea wa Renamo alikuwa Venâncio Mondlane, mhubiri na mchambuzi wa televisheni wa zamani, ambaye alidai nakala za edital zinaonyesha ameshinda. Hakupewa jiji. Mwaka uliofuata alikihama chama, muungano aliotaka kuutumia ukaenguliwa, akaishia kuungwa mkono na Podemos, chama kidogo ambacho wakati huo hakikuwa na mbunge hata mmoja.

Sasa tazama utaratibu wa 2014 unavyomhusu mtu huyu. Podemos haikuwa na mjumbe tumeni, haikuwa na naibu mkurugenzi, haikutengewa nafasi kwenye meza ya kituo. Utaratibu ulitengenezwa kuzuia majeshi mawili yasipigane, na yeye hakuwa na jeshi. Alichokuwa nacho ni wafuasi vijana wenye simu, waliopiga picha karatasi za milangoni. Oktoba 2024 CNE ilimtangaza Daniel Chapo wa Frelimo kwa asilimia 70.67, Mondlane 20.32. Siku chache kabla, wakili wake, Elvino Dias, na mwanachama wa Podemos, Paulo Guambe, walimiminiwa risasi ndani ya gari jijini Maputo. Wakili alikuwa akiandaa kesi. Nchi ikawaka. Usiku watu waligonga masufuria madirishani, mchana barabara zilifungwa, na neno la Kimakua, anamalala, yaani itakwisha, likawa salamu. Wamakua wa Masasi huenda wakalielewa bila mkalimani. Kwa hesabu za asasi za huko, waliokufa walipita 300.

Tarehe 23 Desemba Baraza la Katiba lilitoa uamuzi wake. Chapo akashuka hadi asilimia 65.17, Mondlane akapanda hadi 24.19, viti vya Frelimo vikatoka 195 hadi 171, Podemos ikapata 43. Renamo, ambayo tume ilishonwa kwa vipimo vyake, ikabaki na viti 28 bungeni na wajumbe wake wanne tumeni. Baraza lilikuwa limeiuliza CNE kwa nini idadi ya kura za urais, za ubunge na za mikoa hailingani, likajibiwa kwamba muda wa kuchunguza haukutosha. Kisha lenyewe likahamisha asilimia tano na nusu na viti 24 bila kuuonyesha umma, kituo kwa kituo, ni karatasi zipi zilizosahihishwa. Hata aliyependa kuliamini hakupewa cha kushika.

Ningekuwa naulizwa, ningeanza hapo. Mwaka 2022 tume ya Kenya iliweka Fomu 34A mtandaoni, na kila gazeti likaweza kujumlisha lenyewe. Ugomvi haukuisha, ulikwenda Mahakama ya Juu, lakini ulikwenda ukiwa na karatasi ambazo hata muuza mahamri angeweza kuzifungua kwenye simu yake. Msumbiji ina edital na ina milango. Kinachokosekana ni sheria ya kuilazimisha tume izitoe zote, zilizotiwa saini, kabla haijatangaza mshindi. Haigharimu hata robo ya gharama za mkataba wa amani.

Chapo aliapishwa Januari 2025. Tarehe 5 Machi alitia saini na vyama makubaliano ya mazungumzo ya kitaifa, ambayo yalipangwa kugusa pia sheria ya uchaguzi. Renamo ilikuwapo, MDM ilikuwapo, Podemos, ambayo tayari ilikuwa imekosana na mgombea wake, nayo ilikuwapo. Mondlane hakuwapo, kwa kuwa wakati huo hakuwa na chama. Siku hiyohiyo alikuwa mtaani Maputo na msafara wa wafuasi wake, na polisi wakaufyatulia risasi.