"Bequeath" na Thumuni ya Mjane

Mwezi uliopita nilikuwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, kwenye hitima ya ami yangu. Tulipomaliza kula, mwanawe mkubwa alitoa karatasi iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, akamtaka mamake atie sahihi. Mjane, mzaliwa wa Mombasa, akanigeukia: "Mwanangu, hapa waambaje?"

Neno lililomtatiza ni "bequeath". Kijana alimweleza kuwa ni kuomba, kwa kulifananisha na "request". Sivyo.

Asili yake ni "cwethan", kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kusema. Kitenzi chenyewe kimekufa. Kimebaki kivuli chake, "quoth", yaani "alisema", ambacho siku hizi hukikuti ila katika mashairi na hadithi za zamani, nacho humtangulia msemaji: "quoth he". Mtoto wake aliye hai ni "bequeath": kusema mali yako iende kwa nani ukifa. Kwa ufupi, kuusia.

Sisi wa pwani tusishangae. Kitenzi chetu "kuamba" nacho kimechakaa katika Kiswahili sanifu, lakini watoto wake wamejaa vinywani mwetu: kuambia, kwamba, ambaye. Mjane alikitumia alipouliza "waambaje?"

Huko kusema bado kuna nguvu. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inautambua wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi aliyeusia afe ndani ya miezi 3. Ila mali ya Muislamu sheria hiyo inaiachia sheria ya Kiislamu. Na kwetu wasia kwa mtu wa nje hauzidi theluthi, wala mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie baada ya mauti.

Karatasi ile ilimwusia kijana nyumba nzima. Sahihi ya mama ndiyo ingekuwa ridhaa yake, na thumuni yake katika nyumba anayolala ingekwenda hivyo hivyo, kwa kudhani marehemu ameomba tu.

Kalamu ikawekwa chini. Kijana hakukasirika, maana hata yeye neno hakulijua. Tulikubaliana wote waende kwa kadhi hapo hapo Nakuru.

Ndugu msomaji, ukiletewa karatasi usiyoielewa, usione haya. Uliza kila neno waambaje, kisha ndio ushike kalamu.